Namaste, WHELD, muziki au chumba cha taa: lipi linamfaa mkazi mwenye dimenshia ya hatua ya mwisho?

Nyumba nyingi za wazee hubandika ratiba ya shughuli ukutani: Jumatatu bingo, Jumatano kuoka keki, Ijumaa mpiga gitaa. Mkazi anayeongea na kushika kikombe mwenyewe ananufaika nayo. Aliyefika hatua ya mwisho ya dimenshia, ule ugonjwa wa kusahau, hapati kitu humo. Anasukumwa kwenye kiti chake hadi sebuleni, anaegeshwa mbele ya televisheni, na kwenye fomu anatiwa tiki kuwa ameshiriki.

Ulinganisho huu wa njia za kumhudumia, ikiwemo mipango miwili iitwayo Namaste na WHELD, ni kwa ajili yake, kupitia watu wawili wanaoweza kumbadilishia siku. Mmoja ni mlezi mwenzangu. Tangu Uingereza ilipofungua viza ya walezi Februari 2022 mpaka ilipofunga mlango kwa waajiriwa wapya wa kutoka nje Julai 2025, tumekuwa wengi kwenye nyumba hizi, na mara nyingine meneja humwita mmoja wetu akamwuliza, "Wakazi wa ghorofa ya juu tuwafanyie nini?" Mwingine ni mtoto au mjukuu ambaye mzazi wake yuko humo na hajui aulize lipi.

Hatua ya mwisho ina dalili zake. Kwa kipimo cha FAST, kilichotungwa na daktari Barry Reisberg wa New York, ni hatua ya 7. Maneno yanabaki machache, pengine hayafiki sita kwa siku nzima. Kisha mtu hawezi kutembea, halafu hawezi kuketi bila kuegemezwa, halafu tabasamu linapotea, na mwisho hata kichwa hakikai wima. Lakini ngozi bado inahisi, masikio yanasikia, ulimi unaonja. Hofu ipo na faraja ipo. Kila njia nitakayoitaja inajaribu kumfikia kupitia hapo, na zinatofautiana kwa gharama, kwa muda zinaotaka na kwa uzito wa ushahidi wake.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anaposoma. Maumivu yaangaliwe kwanza kabla ya kuchagua lolote. Kisha, katika njia zenyewe, zile zinazotaka mikono na muda wa mtu zitangulie zile zinazotaka vifaa vya kununua.

Dawa ya kutuliza au dawa ya maumivu?

Mkazi akianza kupiga kelele, kusukuma mikono ya mlezi au kulia kila akigeuzwa, nyumba ina njia mbili za haraka. Ya kwanza ni kumwita daktari aandike dawa ya magonjwa ya akili ili atulie. Ya pili ni kumchukulia kuwa anaumwa mpaka ionekane haumwi. Kwa mkazi wa hatua hii, anza na ya pili.

Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo zito kwenye dawa hizo za kutuliza baada ya kukagua majaribio 17 yaliyohusu wazee wenye dimenshia. Waliozitumia walikufa kwa kiwango cha takriban mara 1.6 hadi 1.7 ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Nchini Uingereza, risperidone, mojawapo ya dawa hizo, imeidhinishwa kwa wiki 6 tu, tena kwa ukali usiokoma wa mgonjwa wa Alzheimer, aina moja ya dimenshia, pale njia nyingine ziliposhindikana. Hata hivyo utawakuta wakazi wanaoimeza mwezi baada ya mwezi kwa sababu hakuna aliyerudi kuuliza kama bado inahitajika.

Upande wa pili kuna jaribio la Norway lililochapishwa mwaka 2011, likiongozwa na Bettina Husebo. Lilihusisha wakazi 352 wa nyumba 18, wote wakiwa na dimenshia ya kati au kali na tabia ya kuhangaika. Kundi moja lilipewa matibabu ya maumivu kwa ngazi, na wengi wao hawakuvuka ngazi ya kwanza, yaani paracetamol, panadol tunayoijua sote. Baada ya wiki 8, kuhangaika kwao kulikuwa kumepungua kwa asilimia 17 ukilinganisha na wenzao waliobaki na huduma ya kawaida. Hakuna shughuli yoyote ya burudani ninayoijua iliyofanya hivyo kwa gharama ndogo namna ile.

Mazungumzo ya aina hii husikika wakati wa kukabidhiana zamu:

"Dada, yule bibi wa mwisho wa korido leo amenipiga. Hataki kabisa kuoshwa uso."

"Amekula?"

"Uji vijiko viwili, akafunga mdomo."

"Ukimgusa anauficha upande gani?"

Ulikuwa wa kushoto. Daktari wa meno alipokuja alikuta jino limeoza hadi kwenye mzizi, na kwenye faili la bibi huyo palikuwa pameshaandikwa kwamba ni "mkali wakati wa usafi". Lingeandikwa ombi la dawa ya kutuliza, bibi angetulia, na jino lingeendelea kumuuma akiwa kimya.

Vipimo vya maumivu kwa asiyeweza kusema vipo, na ni vya bure. PAINAD inaangalia mambo matano: pumzi, sauti, uso, mwili, na kama mtu anabembelezeka. Kila jambo linapewa alama 0 hadi 2, jumla 10. Kipimo cha Abbey, kilichotoka Australia, kina mambo sita na kinatumika sana Uingereza. Ukiniuliza nichague, naichukua PAINAD kwa mlezi mpya kwa sababu unaijaza ukiwa umesimama pembeni ya kitanda, na Abbey kwa nyumba ambayo nesi wake ameshaizoea. Muhimu ni mkazi apimwe anapogeuzwa au kuoshwa, maana akiwa amelala tuli hata mwenye nyonga iliyovunjika huonekana mzima. Na usiishie kwenye viungo. Choo kigumu, kibofu kilichojaa, meno ya bandia yasiyokaa sawa, kucha iliyoota ndani ya nyama: hivi vyote vimewahi kuitwa "tabia ya dimenshia".

Namaste au WHELD?

Hizi mbili ndizo za kupimwa kwa makini, kwa kuwa zote zinagusa siku nzima ya mkazi na zote zinategemea watu kuliko vifaa.

Namaste ilianzishwa Marekani mwaka 2003 na Joyce Simard, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kwa ajili ya wakazi hawa hasa waliokuwa wakiachwa nje ya kila shughuli. Uingereza, hospisi ya St Christopher's ya London, kituo cha kuwahudumia wanaokaribia kufa, ilikuwa miongoni mwa walioanza mapema kuipeleka kwenye nyumba za wazee. Mpango wenyewe ni vipindi viwili vya muda wa saa mbili, kimoja asubuhi na kingine mchana, siku saba kwa wiki, katika chumba kimoja kilichotulizwa: mwanga umepunguzwa, televisheni imezimwa, muziki wa chini upo, harufu ya lavenda ipo. Kila anayeingia anasalimiwa kwa jina lake na kuguswa. Anafunikwa blanketi, anaegemezwa vizuri, anaangaliwa kama ana maumivu. Kisha mlezi anazunguka mmoja baada ya mwingine: anaosha uso kwa kitambaa cha vuguvugu, anachana nywele, anapaka losheni mikononi na miguuni, huku kikombe cha kinywaji kikipita kila baada ya muda.

Mtu asiyelijua kundi hili atauliza kuna nini cha ajabu hapo. Atazame mkono mmoja. Mkazi wa hatua ya 7 mara nyingi amekunja ngumi miezi mingi, vidole vimeganda, na ndani ya kiganja pana unyevu na harufu, pengine kucha imeanza kuchimba ngozi. Asubuhi ya haraka, mlezi mwenye wakazi wanane wa kuosha hulazimisha vidole vifunguke, mkazi analia, kazi inaisha nusu. Kwenye Namaste mkono uleule unawekwa kwanza ndani ya taulo lenye joto. Unasubiri. Unakanda mgongo wa kiganja kwa losheni, si vidole. Unaongea naye taratibu, kisha unasubiri tena. Baada ya dakika kadhaa kidole gumba kinalegea chenyewe, kisha cha shahada, na hapo ndipo unaposafisha, unakausha na kukata kucha. Hakuna aliyelia. Kazi ni ileile, kilichobadilika ni mwendo wake, na ndiyo maana waanzilishi wanasisitiza kwamba haitaki kuajiri watu wa ziada. Zile dakika za usafi zilizokuwa chumbani zinahamishiwa hapa.

Sasa WHELD. Huu ni mpango wa Uingereza ulioongozwa na profesa Clive Ballard. Hauna chumba wala saa maalumu. Unafundisha wafanyakazi wote wa nyumba kumhudumia mtu kwa kufuata historia na mapenzi yake, unawateua wachache wawe vinara wa kuusimamia, unalenga kila mkazi apate angalau saa moja kwa wiki ya kuwa na mtu kwa jambo analolipenda yeye, na unamtaka daktari apitie upya dawa za kutuliza. Matokeo ya jaribio lake yalichapishwa mwaka 2018: nyumba 69, watu 847, miezi 9. Hali ya maisha ya wakazi ilikuwa bora kuliko ya wale waliobaki na huduma ya kawaida, na kuhangaika kulipungua. Nafuu haikuwa kubwa, lakini ilipimwa kwa watu wengi na kwa muda wa kutosha.

Kwa ushahidi, WHELD imeitangulia Namaste. Jaribio la Namaste la Uingereza lililochapishwa mwaka 2020 lilikuwa na nyumba 8 tu, nalo lilitaka kujua kama utafiti mkubwa unawezekana, halikutaka kuthibitisha kama njia inaponya lolote. Meneja akiuliza "ipi imethibitika?", jibu la kweli ni WHELD.

Lakini kuna jambo linalonifanya nisiiache Namaste. WHELD ni ya nyumba nzima, na saa moja kwa wiki kwa kila mkazi ni rahisi kumfikia anayeongea. Yule asiyefungua macho anarukwa, kwa sababu mlezi hajui afanye naye nini kwa dakika kumi: hajibu, hacheki, hashiki karata. Namaste inampa mlezi kitu cha kufanya kwa mikono yake. Pia inamfikia mkazi kila siku, na mtu asiyekumbuka jana anahitaji kila siku. Faida nyingine haitajwi sana: vinywaji. Anayekunywa kwa mafunda madogo hawezi kumaliza kikombe kilichoachwa mezani, ila kikombe kikipita mbele yake mara nyingi ndani ya saa mbili, maji yanaingia.

Ugumu wa Namaste ni rosta. Mlezi mmoja akikaa chumbani saa mbili, waliobaki wanatakiwa waubebe mzigo wa ghorofa, na siku mtu akiumwa, Namaste ndiyo ya kwanza kukatwa. Nyumba isiyo na meneja wa kuilinda saa hiyo itaianza kwa shangwe na kuiacha kabla ya msimu kwisha. WHELD inastahimili zaidi upungufu wa watu kwa sababu imesambaa. Dakika kumi hupatikana hata kwenye zamu mbaya. Na mapitio yake ya dawa ni kitu ambacho Namaste peke yake haina.

Muziki wa masikioni au muziki wa sebuleni?

Muziki hauna ubishi kwamba unapendwa. Tatizo ni unavyotumika. Redio inayocheza sebuleni kutwa nzima, kituo wanachokipenda walezi, haimfikii mkazi. Inaongeza kelele juu ya sahani, kengele na mashine ya kunyanyulia wagonjwa. Muziki wa binafsi ni mwingine: nyimbo alizozipenda ujanani, kwa vipokea sauti, kwa muda mfupi, mtu akimwangalia uso. Shirika la Music & Memory la New York ndilo lililoueneza Marekani.

Ushahidi unataka tuseme kwa kiasi. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta kwamba tiba za muziki huenda zinapunguza dalili za huzuni na matatizo ya tabia kwa ujumla, lakini kwa kuhangaika na ukali hazionyeshi tofauti ya maana. Jaribio kubwa la Marekani katika nyumba 54, lililotumia muziki wa binafsi, nalo halikukuta kupungua kwa kuhangaika kulikothibitika. Kwa hiyo usiunge mkono muziki kwa kumwahidi meneja wakazi watulivu. Uunge mkono kwa sababu ni wa bei ndogo, unapendeza, na kwa mkazi mmoja mmoja unafungua mlango ambao hakuna kingine kilichoufungua.

Hapa sisi tuna la kuongeza. Lugha iliyojifunzwa ukubwani mara nyingi ndiyo inayotangulia kuondoka. Mzee aliyezaliwa Mombasa au Unguja akaishi Uingereza miaka arobaini anaweza kufika mahali Kiingereza hakimwambii kitu, walezi wakaandika "haelewi maagizo", kumbe "Mama, geuka kidogo" angeielewa. Leicester kuna wazee wa Kihindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Baadhi yao Kiswahili walikisema dukani na jikoni tangu utotoni. Kwa hao taarabu ya zamani, wimbo wa dansi wa miaka ya sitini, au adhana na kisomo cha Kurani kwa Mwislamu, na tenzi za kanisani kwa Mkristo, vitafanya kazi kuliko diski ya nyimbo za vita kuu ambayo kila nyumba ya Uingereza inayo. Ndugu wa mkazi, orodha hiyo unayo wewe. Iandike, ibandike chumbani kwake, na useme pia asichokipenda. Kama muziki ni haramu kwake, hilo nalo liandikwe waziwazi.

Chumba cha taa, sili wa roboti, mwanasesere

Chumba cha taa, kwa jina lake la asili Snoezelen, kilibuniwa Uholanzi miaka ya 1970 kwa watu wenye ulemavu wa akili, kisha kikahamia kwa wazee. Ndani mna nguzo ya maji yenye mapovu ya rangi, nyuzi zinazowaka, picha zinazozunguka ukutani, manukato. Kinapendeza machoni mwa ndugu anayetembezwa nyumba kabla ya kusaini mkataba. Ushahidi wake kwa dimenshia haujasimama imara, na gharama yake ni maelfu ya pauni. Vingi huishia kuwa stoo ya viti vya magurudumu, kwa kuwa kumpeleka mkazi asiyeketi mpaka huko kunataka walezi wawili na mashine ya kunyanyulia. Toroli lenye vitu vilevile kwa udogo wake, taa moja, vitambaa vya mguso tofauti, chupa za viungo vya kunusa, linamfuata mkazi kitandani. Baina ya chumba na toroli, chukua toroli. Na kama nyumba ina bustani yenye njia ya kupitisha kiti, upepo na jua havihitaji umeme.

PARO ni roboti wa umbo la mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini, alibuniwa na Takanori Shibata wa Japani. Akipapaswa anatikisa kichwa, anafumba macho na kutoa sauti. Bei yake ni maelfu ya dola. Mwaka 2017 Australia ilitoa matokeo ya jaribio zuri sana kwa sababu lililinganisha makundi matatu katika nyumba 28, watu 415: PARO anayefanya kazi, PARO aliyezimwa, na huduma ya kawaida. Anayefanya kazi aliwavuta wakazi waangalie na waongee zaidi, lakini ukimlinganisha na yuleyule aliyezimwa, tofauti ilikuwa ndogo. Yaani sehemu kubwa ya faida ilitokana na kuwa na kitu laini cha kupakata. Kwa bei hiyo, mimi singemnunua.

Mwanasesere basi? Ndugu wengi huudhika wakimkuta mama yao, aliyekuwa mwalimu mkuu, amebeba mtoto wa plastiki. Nawaelewa. Lakini wapo wakazi wanaotulia kabisa wakimpakata, na hakuna sababu ya kumnyang'anya mtu faraja yake ili picha aliyokuwa nayo mwanawe ibaki safi. Sharti langu ni hili: asiwekwe mikononi kwa nguvu. Awekwe karibu, mkazi amchukue mwenyewe au amwache. Akishamchukua, walezi wote wamheshimu mtoto huyo. Usimtupe kwenye kikapu cha nguo chafu mbele ya macho yake. Na kila mkazi awe na wake, kwa ajili ya usafi.

Kijiko au mpira wa kulishia?

Uamuzi huu hauingii kwenye ratiba ya shughuli, lakini unagusa maisha ya mkazi wa hatua ya mwisho kuliko yote yaliyotangulia, na familia zetu hulazimika kuuamua kwa simu, usiku, wakiwa mbali.

Kufika mahali mtu anafunga mdomo, anaacha chakula shavuni au anapaliwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Utafiti wa CASCADE wa eneo la Boston, uliochapishwa mwaka 2009, uliwafuata wakazi 323 wa nyumba 22 kwa miezi 18. Asilimia 86 hivi walipata shida ya kula, na zaidi ya nusu ya wote walifariki ndani ya muda huo. Dimenshia ya hatua hii inaua, na ndugu wana haki ya kuambiwa hivyo mapema, na daktari, wakiwa wameketi.

Mpira wa kulishia, wa puani au wa tumboni, unaonekana kuwa ndiyo huruma. Nani atamwacha mamake na njaa? Lakini Chama cha Madaktari wa Wazee cha Marekani kilitamka mwaka 2014 kwamba haupendekezwi kwa dimenshia ya hatua ya mwisho. Haurefushi maisha yao wala hauzuii nimonia ya kupaliwa. Unaendana na kuhangaika zaidi, kufungwa mikono ili wasiuchomoe, na vidonda vipya vya mgandamizo. Badala yake wanashauri kulisha kwa mkono, kwa uangalifu.

Kulisha kwa mkono kuna ufundi. Mkazi aketishwe wima, kidevu kikiinama kidogo. Kinywa kiwe kimesafishwa kwanza, maana kinywa kichafu hakionji. Kijiko cha chai, kisijazwe. Gusa mdomo wa chini, subiri aufungue mwenyewe. Ameze, uone koo limepanda na kushuka, ndipo kingine kifuate. Vitu vitamu na vya baridi au vya uvuguvugu hupokelewa vizuri kuliko vilivyopoa mezani. Mlishaji aketi, macho yao yalingane, na asiongee na mwenzake juu ya kichwa cha anayelishwa. Mlo mmoja unaweza kuchukua nusu saa, na mkazi akigeuza kichwa mara ya tatu, amesema ameshiba. Hafi kwa njaa, mwili wake unaomba kidogo kuliko zamani.

Kwa England na Wales, Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005 inataka uamuzi kama huu ufuate maslahi ya mgonjwa, na waliomjua waulizwe angetaka nini. Jibu la "angetaka nini" halipatikani siku ya dharura. Kama mzazi wako bado anaongea, muulize sasa, na kama yuko tayari aandikishe mtu wa kumsemea kisheria.

Ningechagua hivi

Nyumba yenye wakazi sita au zaidi wa hatua ya 7 kwenye ghorofa moja na meneja anayeweza kulinda rosta: Namaste, pamoja na mapitio ya dawa yaliyokopwa kutoka WHELD. Nyumba yenye mchanganyiko, wengi wakiwa bado wanatembea na kuongea: WHELD, lakini kila mkazi asiyeongea apangiwe mlezi wake kwa jina, asiachwe kwa "wote". Nyumba yenye watu pungufu kila zamu: PAINAD, muziki wa binafsi na toroli, vikianzia kwa wakazi watatu, kwa kuwa ahadi kubwa hapo itavunjika. Chumba cha taa na PARO vingoje mpaka hayo yote yawe yanafanyika.

Kabla ya kuanza, kwa kila mkazi andika alama ya PAINAD wakati wa usafi, uzito, kiasi anachokunywa kwa siku, na mara ngapi amelia au kusukuma. Rudia baada ya wiki sita. Hivyo hutabishana na meneja kwa hisia, na kama hakuna kilichosogea, badilisha njia bila aibu.

Ndugu unayekwenda kuangalia nyumba, maswali matano yanatosha. Mnapima vipi maumivu ya asiyeongea? Nani alipitia dawa zake mara ya mwisho, na lini? Anayeshindwa kula mnamlisha kwa dakika ngapi? Asiyeweza kuja sebuleni anapata nini? Na swali hilo la mwisho uliulize tena kuhusu Jumapili, kisha uende Jumapili hiyo mwenyewe, saa nane mchana, ukaone.